Maswali ya Wasomaji: Mwamba wa Geita na Dhahabu Yake

Barua nyingi safari hii zimetoka Kanda ya Ziwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini jiwe hili lina dhahabu na la jirani halina kitu, na kwa nini jiwe lenye dhahabu wakati mwingine linakataa kuitoa. Zilizofanana tumeziunganisha.

Nafundisha jiografia. Wanafunzi wananiuliza kwa nini dhahabu iko kwenye vilima vya Geita lakini kwenye majabali ya Mwanza hatuisikii. Jibu la "volkano" haliwaridhishi tena.
*Mwalimu, Sengerema*

Volkano ni nusu ya jibu, Mwalimu. Majabali ya Mwanza ni itale, yaani uji wa mwamba uliopoa taratibu chini ya ardhi. Vilima vya Geita ni mabaki ya sakafu ya maji ya kale. Miaka bilioni 2.8 hivi iliyopita lava ilimwagika humo ikaganda kuwa basalti. Baadaye, kuelekea bilioni 2.7, juu yake yakatua majivu ya volkano, matope, na tabaka nyembamba za chuma na silika zilizopangana kama kurasa za daftari. Kisha kila kitu kikabanwa na kukunjwa, dioraiti, mwamba mwingine uliopanda ukiwa uji wa moto, ikapenya katikati, na itale ikauzunguka ukanda mzima. Kilichobaki leo ni kipande cha urefu wa kilomita 80 hivi kutoka mashariki hadi magharibi, kama kisiwa ndani ya itale. Tabaka za chuma ni ngumu kuliko jirani zake, mvua haiziwezi, ndiyo maana zimesimama kuwa vilima.

Dhahabu ilichelewa kufika. Geita Hill kuna ukuta mwembamba wa mwamba uitwao lamprofaya, ambao umri wake umepimwa kuwa miaka milioni 2,644 hivi. Dhahabu imeuingia ukuta huo, kwa hiyo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko wake. Ililetwa na maji ya moto, nyuzi 250 hadi 400, yaliyopanda kupitia mipasuko mikubwa. Ndani ya maji hayo dhahabu husafiri ikiwa imeshikamana na salfa. Maji yakikutana na tabaka zenye magnetaiti, yale madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, salfa inaiacha dhahabu na kushika chuma, inazaliwa pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayometa njano, na dhahabu iliyoachwa inadondoka papo hapo. Chuma cha Geita, kwa maneno mengine, ndicho mtego.

Mtego bila njia ya maji haunasi kitu, na ndiyo sababu viko vilima vingi vya chuma visivyo na hata chembe. Pale Nyankanga, shimo kubwa la mgodi wa Geita, dhahabu imefuata ukanda ambamo miamba ilisagana, kwenye mpaka wa dioraiti na tabaka za chuma, ukiinama kuelekea kaskazini-magharibi.

Kwa darasani, tafuta vipande viwili vya jiwe la tabaka ambavyo havijaoza, kimoja chenye pairaiti nyingi na kingine kisicho nayo, na sumaku ya spika mbovu. Kile ambacho magnetaiti yake imegeuzwa pairaiti kitavutwa kwa udhaifu au hakitavutwa kabisa. Ila usiwaambie watoto kwamba itale haina dhahabu kamwe, maana ya Chunya kwa sehemu kubwa iko humo humo ndani ya itale.

Nina shamba la ekari 6 chini ya kilima. Vijana wanataka kuchimba kila mahali. Nitajuaje pa kuanzia bila kuharibu shamba lote?
*Mama mkulima, wilaya ya Geita*

Mama, wazuie vijana kwanza. Kuchimba ovyo ndiyo njia ghali kuliko zote za kutafuta dhahabu, hata kama jembe ni la bure.

Anza na udongo. Jua kwanza mwamba wa kilima unaelekea wapi: tazama tabaka zilizochomoza, na ukiona zinakwenda mashariki na magharibi, mistari yako ya sampuli iende kaskazini na kusini, iukate mwamba badala ya kuufuata. Kila baada ya hatua 25 chimba hadi chini ya mizizi, sentimita 30 hadi 50, chota udongo wa ndoo moja, usafishe kwenye karai na uhesabu punje. Andika hesabu kwenye daftari hata ikiwa sifuri. Kadiri unavyopanda kuelekea chanzo punje huongezeka na huwa na kingo kali zaidi, kisha ghafla zinakatika. Mkanda, yaani utepe wa mwamba wenye dhahabu, uko karibu na pale zilipokatika, upande wa juu. Punje za duara, laini kama zimepigwa msasa, zimesafiri mbali, usizichimbie hapo.

Mitego ni miwili. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi uliletwa na maji na hausemi lolote kuhusu mwamba ulio chini yake; sampuli ya juu itakupa sifuri hata kama umesimama juu ya mkanda. Lazima uutoboe wote. Penye changarawe nyekundu ya chuma mambo ni kinyume: dhahabu hutawanyika humo ikafanya eneo pana lionekane tajiri, wakati mkanda wenyewe ni wa upana wa mkono.

Ukishapata mstari, chimba mtaro mmoja unaoukata, upana wa mita 1, na usizidishe kina cha mita 1.5 bila kuzuia kuta. Toa sampuli kwenye ukuta, mita kwa mita, kilo 3 kila moja, kwa kukwangua sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa mita. Namba iandikwe ndani ya mfuko na nje. Katikati ya mifuko weka mmoja wa jiwe unalojua halina kitu. Maabara ikikuletea dhahabu humo, majibu yote yana walakini.

Kosa tunaloliona kila mara ni kupeleka mbale peke yake, lile jiwe la kwatsi linalong'aa, halafu kushangilia gramu 60 kwa tani. Tani hiyo haipo ardhini. Mkanda wa sentimita 30 wenye gramu 20 kwa tani, ukichimbwa kwa upana wa mita 1 ili mtu apite, unakuwa gramu 6 tu, kwa sababu sentimita 70 zilizobaki ni mawe matupu. Kiroba cha kilo 50 cha mzigo huo kina gramu 0.3. Fanya hesabu hiyo kabla ya kung'oa mhogo.

Jiwe langu lina vitu vya njano vinavyometa sana. Ni dhahabu?
*Msomaji, Bukombe*

Huenda ni pairaiti. Ipeleke kivulini: dhahabu inabaki njano ile ile, pairaiti inafifia. Igonge: pairaiti inavunjika unga mweusi, dhahabu inabonyea. Usiitupe, hata hivyo. Soma jibu linalofuata.

Duara letu (shimo la kuchimbia) lilikuwa linatoa vizuri hadi kama mita 35. Tulipofika kwenye maji jiwe likabadilika rangi kuwa kijivu. Maabara inasema gramu 8 kwa tani, lakini karasha (mashine ya kusaga mawe) na zebaki havitoi kitu. Je, maabara inatudanganya?
*Kikundi cha wachimbaji, Lwamgasa*

Haiwadanganyi. Mmevuka mpaka ambao kila mchimbaji wa Geita anaukuta siku moja. Juu ya usawa wa maji, hewa na mvua vimeozesha pairaiti kwa muda mrefu sana. Chuma chake kimekuwa kutu (ndiyo ile rangi nyekundu mliyoizoea) na dhahabu iliyokuwa imefungiwa ndani imebaki huru. Chini ya maji oksijeni haifiki, pairaiti ni nzima, na dhahabu ingali imefungwa humo kama mbegu ndani ya kokwa.

Zebaki hukamata dhahabu inayoigusa tu. Punje iliyofunikwa na pairaiti, au yenye utando wa kutu au grisi, inapita mbele yake salama. Hata kwenye jiwe zuri la juu, mwalo (ubao wa mteremko wa kuoshea unga wa jiwe) na zebaki kwa kawaida huambulia theluthi moja hivi ya dhahabu iliyomo. Iliyobaki inakwenda na marudio, yaani unga uliokwisha kuoshwa. Mwenye plenti, yaani mtambo wa kuyeyusha dhahabu kwa sianidi, anayenunua marudio yenu kwa bei ya mchanga anajua anachonunua.

Msikimbilie kusaga zaidi na kuongeza zebaki. Zebaki ikisagwa pamoja na jiwe hupasuka vitone vidogo mno visivyoungana tena, vinaelea na kuondoka na maji vikiwa vimebeba dhahabu yenu. Kuchanganya zebaki na mzigo mzima ndani ya karasha ni mojawapo ya mambo manne ambayo Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unataka yakomeshwe. Mengine ni kuchoma dhahabu yenye zebaki hadharani, kuichoma kwenye makazi ya watu, na kupeleka kwenye sianidi marudio ambayo hayajaondolewa zebaki. Hilo la mwisho lina sababu ya kikemia: sianidi huyeyusha zebaki pia, ikaingia kwenye maji na kwenye kaboni, yale makaa yanayonasa dhahabu, halafu ikawapanda puani wale wanaochoma kaboni.

Fanyeni hivi. Toeni sampuli ya kilo 5 ya mzigo wa kijivu, muombe maabara vipimo viwili juu ya unga ule ule: cha moto, kinachoonyesha dhahabu yote, na cha chupa inayozungushwa na sianidi kwa saa 24 hadi 48, kinachoonyesha ile inayoweza kuyeyuka. Unga usagwe hadi asilimia 80 ipite chekecheke ya mikroni 75. Kipimo cha moto kikisema 8 na chupa ikatoa 7, jiwe lenu ni zuri, linataka tu kusagwa na sianidi. Chupa ikitoa 3, dhahabu iko ndani ya madini yenyewe, mara nyingi asenopairaiti (madini ya chuma, salfa na aseniki), au mwamba una kaboni nyeusi inayoinyonya tena dhahabu baada ya kuyeyuka. Mawe sugu ya namna hiyo yapo katika ukanda huu huu: ya Kukuluma na Matandani yanajulikana kwa ukaidi, na hata mgodi mkubwa hauyachenjui kama yale ya Nyankanga. Kikundi chenye karasha moja kikipata jibu la 3 kinapaswa kuacha kushuka na kutafuta mwendelezo wa mkanda pembeni, juu ya usawa wa maji.

Mkipata jibu la 7, zungumzeni na kituo cha mfano cha STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, hapo hapo Lwamgasa kabla ya kumwaga saruji ya tangi lenu wenyewe. Matangi ya kulowekea marudio hufeli kwa sababu chache zinazojirudia. Udongo wa mfinyanzi unaziba, maji hayapenyi, nusu ya mzigo haijawahi hata kuguswa na dawa, yaani sianidi. Tiba ni kuchanganya na mchanga mkavu au kufinyanga vidonge kwa saruji kidogo kabla ya kupakia. Chokaa ikipungua, kipimo cha pH kikashuka chini ya 10, sianidi inaanza kutoroka kama gesi inayoua, na hasara ya dawa ndiyo ndogo kati ya hasara hizo. Lengeni 10.5, mpime asubuhi na jioni, si siku ya kupakia tu. Shaba kwenye jiwe nayo inakula dawa kabla dhahabu haijaonja.

Wale ambao bado wanatumia zebaki juu ya mashapo machache ya mwalo, angalau wachomee ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoza. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, mvuke wake hauonekani wala haunuki. Ncha ya bomba ifunikwe kwa kitambaa kibichi au iguse maji kidogo tu. Ikizamishwa, chombo kikianza kupoa kitavuta maji ndani na kulipuka.

Mzee wangu alifanya kazi mgodi wa Geita wa zamani. Ulifungwa mwaka 1966. Kama dhahabu ilikuwa imeisha, huu wa sasa unachimba nini?
*Msomaji, Mwanza*

Haikuisha. Kilichoisha ni faida. Wajerumani waliiona dhahabu ya Geita mwaka 1898, lakini mgodi wa kwanza kufunguliwa nchini ulikuwa Sekenke, Singida, mwaka 1909. Geita ulianza kuzalisha mwaka 1936, ukachimbwa chini ya ardhi kwa miaka 30, ukatoa karibu aunsi milioni 1, na katika enzi yake haukuwa na mpinzani Afrika Mashariki.

Tatizo lilikuwa bei. Kuanzia 1934 Marekani iliifunga bei ya dhahabu kwenye dola 35 kwa aunsi, na kamba hiyo haikukatika hadi 1971. Mishahara, mbao, dizeli na mashine vilipanda bei mwaka hadi mwaka, dhahabu haikupanda. Mgodi wa chini unaofuata mkanda mwembamba hauwezi kuvumilia hilo. Unaacha kwanza mawe ya gramu chache, kisha ya wastani, kisha unafunga mlango.

Miaka ya 1990 bei ilikuwa huru, na mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Moja ni kuchenjua kwa matangi yenye sianidi na kaboni, ambayo hufanya jiwe la gramu 3 au 4 lilipe. La pili ni malori na makoleo makubwa, yanayowezesha kuondoa mlima mzima wa mawe matupu ili kufikia mkanda. Sheria ya Madini ya 1998 ikafungua mlango kwa wawekezaji, uchorongaji ukaonyesha ukubwa wa Nyankanga, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000 chini ya kampuni ya Ashanti. AngloGold ikanunua nusu yake, na kampuni hizo mbili zikaungana mwaka 2004.

Shimo la wazi nalo lina mwisho wake. Mkanda unapoinama, kila mita unayoshuka inakulazimisha kupanua kingo, na mawe matupu yanaongezeka kuliko yenye dhahabu. Inafika siku njia ya chini inakuwa nafuu tena. Star and Comet, shimo jingine la mgodi huo, iliingia chini mwaka 2016, Nyankanga ikafuata. Mzee wako angeyatambua mengi humo, isipokuwa ukubwa wa mashine.

Mvua zikianza maduara yanabomoka. Tunafunga matimba (miti ya kushikilia kuta) lakini bado. Tunakosea wapi?
*Msimamizi, Nyarugusu*

Angalieni mdomo wa duara kabla ya matimba. Vifusi mnavyorundika ukingoni vinabonyeza ukuta, na mvua ikivilowesha uzito unaongezeka. Visogezwe mita kadhaa, na mfereji uchimbwe upande wa juu kuzuia maji ya mlima yasiingie. Matimba yafungwe yakibana ukuta, na mwanya wowote nyuma yake ujazwe, maana mti unaoning'inia haubebi kitu hadi ukuta uwe tayari umeanza kutembea. Tazameni nyufa mpya juu kila asubuhi. Ufa ulioongezeka usiku ni sababu ya kutoshuka siku hiyo, bila mjadala. Maduara mawili yanayokaribiana chini ni hatari kuliko moja refu, hasa lile la jirani likiwa limeachwa na kujaa maji.

Neno moja kuhusu hewa. Pampu ya petroli haishushwi ndani ya duara hata kwa dakika 5. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, na mshumaa hauzimiki hata gesi hiyo ikiwepo. Pampu ikae juu, bomba ndilo lishuke, na moshi uelekezwe mbali na kompresa inayovuta hewa ya watu wa chini.

Nataka leseni ndogo. Nimepewa pointi za eneo kutoka ramani ya zamani na nimezihakikisha kwa simu. Kuna lingine la kuangalia?
*Msomaji, Katoro*

Lipo, na linaweza kukukosesha eneo lote. Ramani nyingi za zamani nchini zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu yako inatumia WGS84. Namba zile zile katika mifumo hiyo miwili zinaangukia sehemu mbili zilizoachana kama mita 300. Leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu haizidi hekta 10, yaani mraba wa mita 316 kwa 316. Ukikosea mfumo unaweza kulipia ada ya shamba la jirani huku mkanda wako ukiwa nje kabisa ya mpaka. Muulize aliyekupa pointi ni za mfumo gani, zibadilishe, kisha zilinganishe na ramani ya leseni kwenye tovuti ya Tume ya Madini uone kama eneo liko wazi.

Leseni hiyo ni ya Watanzania, hudumu miaka 7 na huhuishwa. Inakupa haki ya madini, haikupi ardhi. Mwenye shamba lazima mwelewane kuhusu fidia kwa maandishi, mbele ya serikali ya kijiji, kabla ya jembe la kwanza. Kesi nyingi za maduara si za dhahabu bali za mihogo na miembe ambayo haikuhesabiwa. Andaa pia mpango wa utunzaji wa mazingira, unaosema marudio yatakaa wapi na mashimo yatafukiwaje.

Dhahabu yako uiuze kwenye soko la madini. La Geita lilifunguliwa Machi 2019. Kwa sheria ilivyorekebishwa mwaka 2017, mrabaha ni asilimia 6 ya thamani ghafi na ada ya ukaguzi asilimia 1. Thamani ghafi ni kabla ya kutoa gharama zako, kwa hiyo ukipiga hesabu ya kiroba, ondoa hiyo 7 kwanza, ndipo ugawane na wenye karasha, wenye maji na wenye duara.